Darasa Linalomngoja Evaline

Saa mbili asubuhi, ukungu wa kijiji cha Murungu bado umelalia mihogo nyuma ya darasa, na Mwalimu Asmahani Saady anaita mahudhurio ya darasa la pili.

"Castory!"

"Nipo, Mwalimu!"

Anafika namba thelathini na moja. "Evaline Nsengimana!"

Watoto wote wanajibu kwa pamoja: "Tunamngoja!"

Evaline hajakanyaga hapa tangu Februari. Darasa lina wanafunzi 84 na madawati 21, kila dawati watoto wanne. Nafasi yake iko dirishani, na ole wako uweke begi pale.

"Kosa ni langu," ananiambia Mwalimu. "Usiandike vinginevyo."

Asmahani, 31, ni mtu wa Pangani. Alipangiwa kazi huku Kibondo mwaka jana, akaja na Kiswahili chake cha pwani na kibao chenye kamba. Ukizungumza Kiha, lugha ya nyumbani ya watoto hawa, darasani, unavishwa hicho shingoni mpaka akosee mwingine. Alikiona kwenye shule aliyofanyia mazoezi, akadhani ndio ualimu.

"Siku hiyo Evaline alisimama akasema kitu kwa Kiha. Nikamvika. Akarudia, kwa Kiha tena. Nikamwambia kaa, nyamaza." Mwalimu anageuza uso. "Masikini mwanangu, alikuwa anaomba kwenda chooni."

Sketi ikalowa. Wenzake wakacheka.

Wakati huo mama yake, Stumai, alikuwa anahamia Kagerankanda, wilayani Kasulu, kulima mahindi. Alipanga kumwacha mtoto kwa bibi yake aendelee na shule. Mtoto akakataa katakata kubaki.

Kibao kilitiwa jikoni, kikaivisha uji wa shule. Tangu hapo kila asubuhi watoto wanatoa habari za nyumbani kwa lugha wanayoiweza, na jirani wa dawati anasaidia kwa Kiswahili. Mwalimu naye anajaribu Kiha.

"Wananicheka, wallahi! Wanasema naongea kama redio iliyoisha betri. Waache wacheke. Sasa zamu yangu."

Na mtoto akikosa shule, wa dawati lake wanamfuata kwao jioni.

"Hapa mtu hapotei hivi hivi," anasema Tunu, miaka minane, aliyekuwa akikaa ubavuni mwa Evaline. "Lakini Kagerankanda hakuendeki kwa miguu."

Mwalimu Mkuu ameshasema: asiporudi kabla ya likizo ya Juni, jina linafutwa. Zimebaki wiki tatu.

Ijumaa iliyopita Mwalimu alimpigia Stumai, akaiweka simu kwenye spika. Darasa zima likamsalimu kwa Kiha, kwa kelele: "Mwakeye, Evaline!"

Ikaja sauti ndogo, kwa Kiha: "Kibao kiko wapi?"

"Tulikipikia uji!" akajibu Tunu.

Evaline akauliza: "Na uji wangu mliunywa?"

Simu ikakatika. Kupiga tena, haipatikani.

Tangu siku hiyo, saa nne, Tunu anachukua vikombe viwili vya uji. Kimoja anakiweka dirishani. Kikipoa, wanakunywa kwa zamu.

Jumamosi hii Asmahani atapanda basi hadi Kasulu, kisha bodaboda mpaka Kagerankanda. Amejifunza kuomba msamaha kwa Kiha, anaurudia akifua, akipika.

"Simlazimishi. Ila namkumbuka yule mtoto, jamani. Nina hamu nimwite namba thelathini na moja, aniambie yupo. Aniambie kwa Kiha."