Kadi za Bi Edeltraud

Kwa miaka thelathini na mmoja Edeltraud Hölscher alipeleka barua kijijini Altenbrede kwa baiskeli ya manjano, na katika miaka hiyo yote hakuna kilichomuudhi kama barua iliyorudi. Barua ikirudi, aliona ametukanwa yeye. Alijua mlango upi una mbwa, mzee yupi hasikii kengele, na mjane yupi husimama nyuma ya pazia kuanzia saa nne asubuhi akingoja hata bili ya umeme, mradi apate mtu wa kumwamkia. Siku ya kustaafu walimpa shada la maua na saa ya ukutani, wakachukua baiskeli yao. Naye akawa mmoja wa wale wa nyuma ya pazia.

Basi msimcheke mkisikia kwamba kampuni ya safari za kahawa, zile za kuwauzia wazee vitu, ilimnasa kwa barua. "Umeshinda paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi!" Njoo ulichukue, basi bure, keki bure. Edeltraud alijua ni uongo. Nani asiyejua? Kila mtu ana shangazi aliyepandishwa basi namna hiyo, akapelekwa hoteli ya milimani, akarudi na sufuria kwa bei ya ng'ombe. Alikwenda kwa sababu ilikuwa Alhamisi, na tangu Jumatatu hakuwa amezungumza na mtu.

Paja lenyewe likawa kopo la soseji ya maini. Lakini huko ndiko alikokutana na Bwana Strunk, muuzaji, kijana wa miaka hamsini mwenye sauti ya padri. Strunk alikuwa akimlalamikia dereva. Walinunua orodha ya wazee wanaoishi peke yao, na orodha yenyewe takataka tupu: barua thelathini zimekwenda kwa marehemu na zote zimerudi.

"Hebu nione," akasema Edeltraud.

Hapo ndipo alipoingia mkenge. Barua thelathini kurudi, na yeye yupo! Alitoa penseli, na kahawa haijapoa alikuwa ameshafuta wafu wote, waliohamia kwa watoto wao, na mwalimu mstaafu mmoja ambaye angeita polisi. Strunk alimtazama kama mtu aliyeokota pochi njiani.

"Bi Edeltraud, siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Swali hilo hakuwa ameulizwa na mtu tangu astaafu.

Kuanzia hapo zikawa zinakuja kadi tupu za kujaza kila mwezi. Jina, mtaa, na chini nafasi ndogo ya "mengineyo". Hiyo nafasi ndogo ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe. Orodha ya kununua itakwambia umri wa mtu na barabara anayokaa. Haitakwambia nani hulia akishikwa bega. Edeltraud alijaza kwa mwandiko safi: anapenda kuimba, mwanawe yuko Kanada, hapigi simu. Malipo yake yalikuwa kiti cha mbele kwenye basi, na simu ya Strunk kila Jumapili jioni. "Hujambo, mkono wangu wa kulia?"

Wenzake walipoanza kununua alijiambia ni watu wazima, wana akili zao. Bi Tenbrink, mwenzake wa kwaya, aliponunua blanketi la tatu, usingizi ulimpaa. Akapiga simu, akasema anaacha. Strunk hakugomba. Yule mtu anajua kuuma na kupuliza.

"Sawa kabisa, Bi wangu, pumzika. Wenzako nitawaandikia tu barua ya shukrani, wajue majina yao tuliyapata kwa nani."

Altenbrede ina milango mia nne. Angemficha nani uso wake? Mkate alinunua kwa mmoja wao, kwaya aliimba na sita. Aliendelea kujaza kadi, na kila aliyoijaza ilizidi kumfunga.

Septemba akafariki Ewald, mume wa wifi yake Roswitha. Tangazo la kifo lilitoka gazetini, na Strunk husoma matangazo ya vifo kabla ya habari nyingine yoyote.

"Kuna Bi Brüggemann huko kwenu. Unamfahamu?"

"Ni wifi yangu. Huyo mwache."

"Nitamwalika tu, maskini. We nijazie ile nafasi ya chini, tusije tukamgusa penye kidonda bila kujua."

Akaijaza. Tena ni yeye mwenyewe aliyekwenda kumwambia, "Wifi, twende, ukabadilishe hewa." Roswitha hakutaka, akaja.

Basi liliwashusha wajane thelathini na wanane juu ya mlima, mvua ikinyesha, kisha likaenda "kutia mafuta" hadi saa kumi jioni. Makoti yalifungiwa chumbani, eti yasipotee. Kijiji cha karibu kilikuwa mwendo wa kilomita saba. Hakuna aliyewafungia mlango. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na nje ilikuwa mvua.

Siku hiyo waliuza blanketi la sumaku, dawa ya viungo, yuro elfu moja na mia nne. Edeltraud alijua fedha aliyokuwa nayo Roswitha ni moja tu, nayo ilikuwa ya jiwe la kaburi la Ewald. Alijiambia atakaa macho. Lakini keki ya plamu ilipokwisha, Strunk alipita meza zote bila kusimama, akaenda kupiga goti mbele ya Roswitha.

"Jioni, baada ya taarifa ya habari, alikuwa akikukanda magoti. Sivyo, mama? Kwa mafuta ya kafuri."

Roswitha akashika kifua. "Umejuaje wewe?"

"Mambo mengine moyo hujua wenyewe."

Yalikuwa maneno ya Edeltraud, neno kwa neno, hata hiyo kafuri. Roswitha alikuwa akilia, na kalamu tayari ilikuwa mkononi mwake.

"Tarehe, mama, andika ya tatu mwezi uliopita," akasema Strunk kwa upole. Yaani zile siku kumi na nne ambazo sheria humpa mnunuzi kurudisha mali ziishe kabla hazijaanza.

"Wifi, usitie sahihi!" Edeltraud alikuwa amesimama, na kiti kimeanguka nyuma yake. "Hakuna moyo wala nini. Habari za magoti nimempa mimi. Majina yenu nyote nimempa mimi."

"Hata langu?" akauliza Bi Tenbrink.

"Hata lako."

Strunk hakuinuka. Alitabasamu tu. "Mmesikia, akina mama? Kumbe kuna mtu anawafikiria."

Roswitha hakumtazama. Alikuwa akimtazama wifi yake. "Umeandika nini juu yangu, Edeltraud?"

"Magoti. Na Ewald."

"Na nini tena?"

Angeweza kusema uongo, na Mungu anisamehe, mimi ningesema. Lakini alikuwa amechoka.

"Kwamba huwezi kumkatalia mtu."

Wanawake thelathini na sita walimgeukia Roswitha waone atasema nini. Uso ulimwiva. Mtu mpole ukimwaibisha mbele za watu hukimbilia palipo karibu, na palipokuwa karibu palikuwa na kalamu.

"Ni kweli," akasema. "Hata wewe uliponiambia twende, sikukukatalia."

Akaandika tarehe tatu, akatia sahihi.