Nilivyompinga Mjukuu Wangu Mchana Kweupe

Nianze kwa kukubali kwamba aibu hii ni yangu mwenyewe, hakuna aliyenituma (Mama Suzana alinichochea, lakini kuchochewa si kutumwa), na kama unapita Tinde ukasikia wanafunzi wananiita Bibi Pingamizi, usiwakemee, jina nililitafuta na nikalipata.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne enzi hizo, nikaolewa, nikafika kwangu, na tangu hapo sijaona sababu ya maana ya kutoka, labda kanisani na kisimani, na bomba lilipofika hata kisimani nikaacha. Nina kuku wangu, nina kiti changu cha kamba, na nina Mabula, mtoto wa binti yangu Kabula. Kabula anauza chakula Buseresere kwa madereva wa malori na vijana wanaokwenda kuchimba, akaona mwanawe asomee huku kwangu ambako kelele kubwa ni ya jogoo.

Sasa, kabla hujanihukumu, lazima ujue jinsi tunavyoishi na huyo mtoto. Mabula amebeba jina la babu yake, yaani marehemu mzee wangu, na kwetu Usukumani mjukuu ni mtani wako toka anazaliwa, na akiwa amebeba jina la mzee basi ndiye mzee mwenyewe amerudi, kwa hiyo malalamiko yote ambayo marehemu alifariki kabla sijamaliza kumwambia, nayamwaga kwa mtoto. Akichelewa dukani namwambia, "Umeanza tena mambo yako, mzee?" Naye hujibu bila kucheka, "Nilikuwa na kikao na wazee wenzangu." Mtu asiyetujua akipita nje ya jiko letu atadhani ni ndoa ya wazee wawili inavunjika kila jioni, na wageni kadhaa wamewahi kugeuzia njiani.

Shuleni kwao wana kitu wanaita Klabu ya Wanafunzi wa Mfano. Si klabu ya kuingia kwa kunyoosha mkono. Ina katiba, na katiba hiyo Mabula alinisomea yote jikoni huku nachambua nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, mpaka nikaanza kujiona mimi mwenyewe sifai kuishi nyumba moja naye. Mtoto awe na alama za juu, si za somo moja, za masomo yote. Asiwe na utoro. Asinywe pombe, asivute sigara, asilale nje ya kwao bila ruhusa. Awe na kazi ya kujitolea (Mabula kila Jumamosi anafundisha hesabu watoto wa shule ya msingi pale barazani kwangu, na kuvumilia kelele zao ndio mchango wangu kwa taifa). Na kubwa kuliko yote, wanapokea wa kidato cha tatu tu. Ukikosa mwaka huo, umekosa moja kwa moja, utawaangalia wenzako wamevaa skafu ya kijani mpaka unamaliza shule.

Mabula aliitaka skafu ile. Hakusema, lakini alikuwa ameshapiga pasi shati la siku yenyewe wiki nzima kabla, na kila nikilisogeza analirudisha.

Siku ikafika. Kabula akaja na basi kutoka Buseresere, kafunga biashara yake, kasuka nywele. Mimi nikavaa kitenge kipya na viatu ambavyo vilinikumbusha kwa nini sitoki nyumbani. Ukumbi ulijaa wazazi, na mgeni rasmi alikuwa Bwana Kanti, yule Mhindi mwenye duka la vitambaa aliyezaliwa huku huku na anayesalimia kwa Kisukuma kizuri kuliko wanangu. Yeye ndiye aliyetoa kitambaa cha skafu. Mwalimu mlezi wa klabu ni Mwalimu Upendo, binti mpole, amekuja juzi tu kutoka mjini, anaheshimu katiba ile kama wengine wanavyoheshimu ukoo.

Katika katiba kuna kipengele kimoja ambacho Mabula alinisomea nikiwa nahangaika na moto, nikakisikia nusu. Kila jina likisomwa, ukumbi unaulizwa kama kuna mwenye pingamizi. Akitokea mmoja, anasikilizwa. Akitokea wa pili akamuunga mkono, kiapo kinasimama mpaka kamati ichunguze. Waliweka hivyo kwa sababu kuna mwaka walimwapisha kijana asubuhi, jioni akakutwa kilabu cha pombe anaimba na skafu shingoni.

Majina yakasomwa, watoto wakapita, pingamizi hakuna, makofi. Ikafika zamu yetu.

"Mabula, kidato cha tatu," akasema Mwalimu Upendo. "Je, kuna mwenye pingamizi huyu asipokelewe?"

Mama Suzana, jirani yangu, akanisukuma kwa kiwiko. "Mama Kabula, ndiyo unanyamaza? Mjukuu anapita hivi hivi kama hana bibi?"

Na kweli, kwetu mjukuu akipata sherehe bibi asipomtania watu wanajiuliza kuna ugomvi gani kwenye ile nyumba. Basi nikasimama. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, wa kunyanyua makalio kwenye kiti.

"Mimi ninalo!" nikasema.

"Mama, kaa chini," akasema Kabula, akiangalia mbele kama hanijui.

"Nikae kwa nini? Huyu mnayemwona amesimama kama malaika, namjua mimi. Huyu anakunywa! Anavuta tumbaku ile kali ya Ushetu mpaka blanketi langu linanuka. Anaaga anakwenda kuangalia ng'ombe, anarudi alfajiri, na ng'ombe wako zizini tangu jana yake. Na dume letu jeusi aliliuza kimya kimya, mpaka leo hajaniambia lilikwenda wapi!"

Ukumbi ukaangua kicheko, kina mama wakapiga vigelegele, nami nikajisikia nimetimiza wajibu. Mama Suzana, ambaye ni shemeji wa marehemu na anahesabu ana haki ya utani kama mimi, akaruka juu. "Ni kweli kabisa! Hata jogoo wangu alimla huyo huyo, akaniachia kichwa!"

Vigelegele tena. Mwalimu Upendo peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika.

"Pingamizi limeungwa mkono," akasema taratibu. "Mwombaji, una haki ya kujibu."

Hapo ndipo mtoto angeweza kutuokoa. Lakini mtani aliyetaniwa mbele za watu akakosa jibu ameaibika yeye na ukoo wake, na Mabula nimemlea mwenyewe. Akavuta pumzi, akajibu kwa sauti nzito ya mzee: "Yote ni kweli. Ila nilirudi alfajiri kwa sababu mlenda wa huyu mama ulikuwa na chumvi, ikabidi nikatafute chakula kwa majirani. Na jogoo wa Mama Suzana alikuwa mgumu, simsamehe."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mwalimu Upendo akasubiri waishe, kisha akasema kwenye kipaza sauti, bila hasira hata kidogo, "Mwombaji amekiri."

Kicheko kikakatika kama mtu amefunga bomba.

"Mwalimu," nikasema, "huu ni utani."

"Nimeelewa, bibi. Lakini nimeangalia, katiba haina kipengele cha utani. Tukiacha pingamizi la watu wawili na kukiri kwa mwombaji, mwaka kesho tutaambiwa tunapendelea."

"Lakini hayo si ya huyu mtoto! Ni ya babu yake!"

"Babu yake yupo hapa?"

"Alishafariki."

"Basi hawezi kututhibitishia," akasema, akaandika na hilo.

Nikageuka huku na huku kutafuta wa kunitetea, na kwa bahati mbaya nikampata. Bwana Kanti akanyanyuka meza kuu. "Mwalimu, bibi anasema kweli," akasema kwa moyo safi kabisa. "Lile dume lilikuwa la mzee mwenyewe. Mimi nilikuwa kijana dukani kwa baba. Jeusi, pembe moja imeinama. Alituletea, akaondoka na cherehani ya miguu, akatuomba tusimwambie mama hapa nyumbani."

"Cherehani gani?" nikauliza.

Watu wakaanza kutazamana, kwa sababu nusu yao wamewahi kuingia kwangu, na kwangu haijawahi kuwepo cherehani. (Mama Suzana anashona. Hilo tuliache, mimi nimeshaliacha. Ila aliketi taratibu sana.)

Kabula alijifunika uso na ile karatasi ya ratiba. Bwana Kanti akatazama huku, akatazama kule, akaelewa, naye akaketi.

Kiapo kikasimama. Wenzake Mabula wakavalishwa skafu mmoja mmoja, yake ikarudishwa kwenye boksi. Kabula akasubiri mpaka basi la mwisho, akaondoka bila kumwona mwanawe amevaa chochote zaidi ya lile shati. Alichoniambia kituoni ni, "Mayu, mama yangu, ungekaa tu." Na kweli, kukaa ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote.

Lakini kilichoniuma kilikuja jioni. Mabula alichelewa kurudi na kuni, nikamwambia kama kawaida, "Umeanza tena mambo yako, mzee?"

"Hapana, bibi. Samahani, bibi," akasema, akaweka kuni chini vizuri, akaingia kusoma.

Samahani, bibi! Nyumba ikawa kubwa ghafla. Siku zote zile mpaka kamati ilipomaliza, alinijibu kwa adabu kama mtoto wa watu aliyekuja kupanga, na mimi nikagundua kwamba naweza kuvumilia kila kitu isipokuwa heshima.

Mwalimu Upendo alikuja nyumbani kuchunguza. Nikampa chai na michembe ya viazi vitamu, akala, akauliza maswali yake. Akawaona na wale watoto barazani (ilikuwa Jumamosi) wanagombania nani aende ubaoni. Mwisho akafunga kalamu.

"Bibi, huyu Mabula wa leo, kosa lake hasa ni lipi?"

"Hana."

"Hata moja?"

"Anaweka chumvi kidogo."

Akatabasamu, mara ya kwanza nimwone. "Basi kamati imeridhika. Ila katiba inasema pingamizi lililotolewa hadharani linaondolewa hadharani, na aliyelitoa. Itabidi uje paredi ya asubuhi, bibi."

Mimi. Paredi. Mtu ambaye hata misa ya kwanza huniona kwa nadra.

Nilikwenda. Nikasimamishwa pale chini ya bendera, wanafunzi wamejipanga mpaka kule kwenye vyoo, na nikagundua kwamba utani unaweza kuusema mbele ya ulimwengu mzima, lakini kuueleza ni kama kuvua nguo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yaliyotoka ni haya: "Mjukuu wangu hanywi, havuti, halali nje, na ng'ombe hana. Nilikuwa nafurahi tu, nikafurahi vibaya. Naomba mumpokee."

Mwalimu Upendo akageukia shule nzima. "Mabula, kidato cha tatu. Je, kuna mwenye pingamizi?"

Vichwa vyote, kuanzia wa mbele mpaka wa vyooni, vikanigeukia mimi. Niliangalia viatu vyangu. Niliviangalia kwa bidii ambayo nadhani viatu vile havijawahi kuangaliwa. Mabula akaapa, akavalishwa, wakapiga makofi, na mama yake hakuwepo, alipata picha tu kwenye simu, na hilo halirekebishiki.

Tulirudi nyumbani kwa miguu baada ya masomo (nilimsubiri kwenye benchi la ofisi, sikuthubutu kwenda popote). Alikuwa anatembea mbele, skafu imenyooka. Nami nafuata nyuma. Tulipokaribia kwetu akapunguza mwendo, akaniambia bila kugeuka, kwa ile sauti nzito ya mzee, "Lakini mama, na wewe huulizi? Ungeniuliza siku ile ile kuhusu lile dume, ningekwambia."

Nililazimika kusimama kidogo, nikasingizia viatu.

Siku hizi katiba yao ina kipengele kipya, nimekisoma kwa macho yangu. Kinasema bibi na babu wa mwombaji watapewa nafasi ya kusema chochote wapendacho, baada ya kiapo. Ni uungwana mkubwa, na namshukuru Mwalimu Upendo. Lakini mimi nimeshaapa kivyangu: nikialikwa tena kwenye ukumbi wowote wenye kipaza sauti, nitatuma michembe, nitatuma salamu, na nitabaki jikoni kumsubiri mzee arudi nimseme tukiwa wawili.