Darubini Tatu na Kanzu Nyeupe

Mtu akianza kunisimulia habari za bunduki, hata kama ni ya kuwindia swara tu, mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu. Wajukuu wangu wanajua. Wakitaka nitoke sebuleni waangalie mambo yao, wanataja bunduki tu, nami natoka nje nikateme.

Kinyaa hicho nilikipata katika miaka ya hamsini, nikiwa mtumishi wa mezani kwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Shamba lenyewe halipo tena, siku hizi ni nyumba zenye geti na magari yamepangwa mlangoni. Wakati huo ilikuwa hali ya hatari. Tulikuwa tumehamishwa na kurundikwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, na kila mzungu alikuwa na bunduki karibu kama vile mwanamke alivyo na mwiko. Bwana wangu alilala nayo, alikula nayo, na chooni alikwenda nayo. Mimi ndiye niliyefua mashuka yenye madoa ya mafuta yake.

Bwana huyo alitaka kununua darubini ya kufunga juu ya bunduki. Mtu mwingine angenunua akamaliza. Yeye aliifanya posa. Kwa wiki nyingi hapakuwa na mazungumzo mengine pale mezani. Nilikuwa naleta supu, wanazungumzia vioo. Naleta nyama, bado ni vioo. Nilikuwa nimeshakijua Kiingereza cha kunitosha, ingawa hilo nililiweka moyoni, kwa hiyo nililishwa darubini mpaka nikavimbiwa.

Wabishi walikuwa watatu. Bwana wangu alikuwa ameazimwa darubini ya Mjerumani na duka moja la Thika aijaribu kabla ya kununua. Ilikuwa nzito, bei yake ya kutisha, na alikuwa ameipenda kabla ya kuichungulia. Jirani yake, mzee mmoja mnene aliyewahi kuwa jeshini, alikuwa na ya Mwingereza. Hiyo ilikuwa imara, lakini asubuhi za baridi ilijaa ukungu ndani, na mwenyewe akisema ukungu huo ni wa hewa ya Ruiru, si wa darubini. Wa tatu alikuwa kijana, meneja wa mkonge huko mashariki ya Thika kwenye njia ya Gatuanyaga. Yake ilikuwa ya Mwamerika, nyepesi, rahisi, inang'aa kama sufuria mpya. Vumbi la kule lilikuwa limeshaingia kwenye vifundo vyake vya kurekebishia, ukivizungusha vinasaga kama meno yenye mchanga. Kijana alisema kwa bei ile ungepata mbili, moja ikifa unachukua nyingine. Mzee alimjibu kwamba maskini ndiye anayenunua mara mbili. Wakacheka, na mimi nikawa nimesimama nyuma yao na birika, maskini mwenyewe.

Jumamosi moja waliamua kuzijaribu zote kwa pamoja. Meza ilitolewa barazani, na bunduki tatu zikalazwa juu ya kitambaa cheupe ambacho nilikuwa nimekipiga pasi asubuhi hiyo. Mafuta yakaingia kwenye kitambaa, kutoka kitambaani yakaingia kwenye sandwichi, nao wakala tu. Kwanza walipiga maboga waliyoyapanga bondeni. Bwana wangu aliweka jicho karibu mno, bunduki ikarudi nyuma na ukingo wa darubini ukampasua nyusi. Damu ikamtiririka hadi kidevuni. Alimwita mbwa wake, mbwa akamlamba uso na mkono aliojifutia damu, kisha mkono uleule ukachukua keki. Mimi nilitazama pembeni.

Halafu kulikuwa na kufuta vioo. Walivipumulia pumzi ya wiski, kisha wakatafuta kitambaa laini. Leso ya bwana ilikuwa na damu. Basi akashika pindo la kanzu yangu, kanzu nyeupe ya kazi, akafutia kioo cha Mjerumani hapohapo nikiwa nimeivaa. Wengine nao wakaona ni jambo la maana. Nilisimama nikivutwa huku na huku kama ng'ombe wa mnada, sinia mkononi, huku wanaume watatu wakinifutia vioo vyao kwenye magoti. Hakuna aliyenitazama usoni.

Jua lilipoanza kushuka, mzee alisema maboga hayathibitishi kitu. Darubini nzuri, alisema, hujulikana ukiielekeza upande wa jua. Mbaya itakuonyesha weupe mtupu, nzuri itakuonyesha hata uzi wa shati. Baraza letu lilitazama magharibi, na kwenye mteremko wa ng'ambo wanawake wachumaji kahawa walikuwa wanashuka na vikapu kuelekea kiwandani. Mteremko ulikuwa na uzi wa mashati mwingi wa kutosha.

Wakaelekeza bunduki huko.

Walisema hazina risasi. Labda hazikuwa nazo. Lakini muda si mrefu kabla ya hapo ndizo zilizopasua maboga, na sikuona mtu akizikagua. Waliegemeza vifua mezani, kila mmoja na yake, wakiwasoma wanawake wale kama watu wanaosoma gazeti. Huyu ana kiraka begani. Yule anatafuna kitu. Yule wa nyuma ana pini kwenye kola, na mimi naiona, wewe unaiona? Mzee hakuiona pini. Kijana alisema anaiona, bwana wangu akamwambia ni mwongo. Ndipo wakataka jicho lisilo na upande.

"Wewe, kuja hapa," bwana akaniambia kwa Kiswahili chake. "Wewe iko na macho mazuri. Angalia hii, sema nini naona."

Nikaweka sinia chini, nikainama. Kwanza niliona weupe, kisha majani, kisha nyuzi mbili nyeusi zilizokatana msalaba, na katikati ya msalaba ule alikuwa mama yangu.

Pini ilikuwa yake. Aliichomeka kwenye kola miaka yote ili akichomwa na mwiba awe na cha kuutolea. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Niliona midomo ikisema jambo kwa mwanamke wa mbele yake. Darubini ya Mjerumani, nikiri, ilikuwa nzuri sana. Mikono yangu nilikuwa nimeiweka nyuma kama mtumishi mwenye adabu, na kidole cha bwana kilikuwa kimelala karibu na kifyatulio, kinacheza.

"Sema, nini unaona?"

"Watu, bwana."

"Pini?"

"Pini iko, bwana."

Bwana alifurahi, akanipiga begani. Nilitaka kutapika kwenye kiatu chake.

Nilipoinuka niliona kwa macho yangu mwenyewe kwamba wanawake wamesimama. Jua lilikuwa linapiga vioo, na bila shaka kutoka kule baraza lilikuwa linametameta. Walikuwa wanajua ni nini. Mmoja wao alianza kukimbia, akavutwa arudi, maana miaka ile aliyekimbia ndiye aliyepigwa risasi. Kisha mama yangu, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, aliweka kikapu chini, akawapa wazungu mgongo, na mikono yake ikaenda kwenye fundo la nguo kiunoni.

Mimi nilijua anachotaka kufanya. Kwetu, mwanamke aliyezaa, tena mzee, akivunjiwa heshima kupita kiasi, ana silaha moja ya mwisho. Huwapa waliomkosea mgongo, akainama, akawafunulia pale walipotokea. Hakuna laana iliyo kubwa kuliko hiyo. Anayeonyeshwa humalizika, na nyumba yake humalizika nyuma yake. Haifanywi kwa hasira ndogo, na wengi huzeeka bila kuiona. Mama yangu alikuwa amebatizwa na alikuwa na kiti chake kanisani. Bado mikono yake ilikuwa kwenye fundo.

Akageuza kichwa aone kwamba wanamtazama. Akakaa hivyo, kichwa kimegeuka. Kisha mikono ikashuka. Akachukua kikapu na kushuka kilima polepole, na wenzake wakamfuata.

Barazani waliulizana yule bibi alikuwa anafanya nini. Bwana wangu akasema ni siafu, wameingia ndani ya nguo, amewaona wanawake wale mara nyingi wakicheza hivyo. Wakacheka hadi meza ikatikisika. Mzee alisikitika kwamba darubini yake ilimwonyesha weupe mtupu, akapitwa na kichekesho. Na kwa ajili ya siafu hao, ya Mjerumani ikashinda.

Jioni nilipofika kijijini, kabla ya filimbi ya kufungiwa, mama alikuwa anachochea moto. Hakunisalimu. Nilikaa kwenye kigoda nikangoja, maana kwake ungengoja mpaka aamue.

"Leo nimekuona," akasema.

"Umeniona wapi, maitu?"

"Umesimama na wao."

"Kule ni mbali sana. Hata wao walihitaji vioo."

"Hiyo kanzu yako hata kipofu anaiona."

Nilitazama magoti yangu. Kanzu bado ilikuwa na alama za vidole, za mafuta na za damu ya nyusi. Nikamwambia yote, bunduki, msalaba, kidole kilichokuwa kinacheza. Nilimwambia niliogopa kwamba angeuawa mbele yangu. Alisikiliza bila kuacha kukoroga uji.

"Mimi sikuogopa hiyo," akasema. "Mimi nilikuwa nimefika mwisho. Kila siku wanatusimamia na bunduki, leo wanatulenga kama panya wa shamba. Wanawake wameniambia, wewe ndiwe mkubwa, sema kitu. Nikashika nguo. Nikageuka, nione wote wako. Na katikati yao nikaona nguo nyeupe."

Akapuliza moto ambao haukuwa na haja ya kupulizwa.

"Mtoto niliyemzaa nimfanyie hivyo? Ingekumaliza wewe wa kwanza. Kwa hivyo nikawaachilia wote, kwa sababu yako."

Nimetukanwa na wengi katika kazi ile, nimepigwa kofi na nimeitwa majina ya mbwa, lakini hakuna kitu kilichoniingia kama hicho. Wale watu walikuwa na handaki, waya, askari na darubini za kila taifa, na bado aliyewakinga siku ile ni mimi, na sinia la keki.

"Na kanisa, maitu?" nikauliza mwishowe.

"Kanisa ni Jumapili," akasema. "Nitatubu Jumapili." Akanipa bakuli la uji. Nilipokuwa nimelishika, akanitazama kwa mara ya kwanza jioni ile. "Wakitoa hivyo vioo tena, wewe uingie jikoni."

Jumamosi iliyofuata bwana alikuwa ameinunua ile ya Mjerumani, na wenzake walikuja kuipongeza kama mtoto mchanga. Nilitandika kitambaa, kingine, nikapanga vikombe. Jua likashuka. Mzee, ambaye sasa aliruhusiwa kuchungulia kwa zamu, aliuliza kama wachumaji wameshaanza kuteremka. Bwana alishika pindo la kanzu yangu, akafuta kioo mbele na nyuma, taratibu, mpaka akaridhika. Kisha akaniachilia.

Niliingia jikoni, nikafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo. Mpishi aliniuliza kuna nini, nikamwambia akae palepale alipo. Kwa kitambo hapakusikika kitu huko nje ila viti. Halafu bwana wangu akapaza sauti kuwaita wenzake, njooni mwone, siafu tena, na mara hii wamewaingia wote, mstari mzima. Nikasikia wakisukumana kugombea ile bunduki, kila mmoja akitaka zamu, wakicheka, wakiambiana jinsi kila kitu kinavyoonekana.

Na mimi, nyuma ya mlango, kwa mara ya kwanza niliomba ile darubini iwe nzuri kama walivyokuwa wakiisifu.