Rafiki Yangu Aliyepigwa Eksirei

Kwetu mimba changa haitangazwi. Unanyamaza mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, macho ya watu yasije yakakuwahi. Kwa hiyo nilipogundua kwamba nina mimba, siku chache baada ya kuanguka na pikipiki njia ya Gongoni na kupigwa eksirei ya mkono, sikuwa na wa kumwuliza. Mume wangu alijua, lakini hofu yake ilizidi yangu.

Nilitaka kujua jambo moja tu: ile mionzi imemdhuru mtoto?

Nikaingia kwenye simu. Kundi letu la kina mama lilijaa majibu. Mmoja aliapa kwamba mionzi hutolewa kwa madafu, mwingine kwa maji ya ndimu, wa tatu akaleta picha ya kutisha isiyojulikana imetoka wapi. Nikanywa madafu ya minazi ya nyumbani hadi nikaogopa kupiga chafya. Sikuamini hata kidogo, ila sikuthubutu kuacha.

Mwishowe nikamwambia mama mkwe naenda kutazamwa mkono, nikarudi hospitalini kwa yule mama aliyenipiga eksirei.

"Shikamoo. Nina rafiki yangu," nikaanza. "Alipigwa picha ya mkono, kumbe ana mimba."

Akautazama mkono wangu, mweupe pe kwa plasta kutoka kiganjani hadi kiwikoni.

"Marahaba. Huyo rafiki yako alivunjika mkono upi?"

"Wa kushoto," nikasema, nikauficha chini ya buibui, nimeshachelewa.

Alicheka mpaka akatafuta kiti, kisha akaniketisha mimi. Mionzi ililengwa mkononi, akanieleza, mbali na tumbo. Inayomfikia mtoto ni kidogo mno, si ya kumkosesha mtu usingizi. Akafungua mwongozo wao kwenye kompyuta, akanisomea taratibu mpaka nikaelewa.

"Mwambie rafiki yako siku nyingine akihisi huenda ana mimba, aseme kabla ya picha. Na kliniki aanze."

Nilitoka nikicheka peke yangu kama mwehu. Muuza mabuyu langoni akanisogezea kigoda, akidhani nimeugua.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakuinua uso.

"Mkono wasemaje?"

"Unaendelea vizuri, mama."

"Na mjukuu wangu?"

Nikabaki nimesimama mlangoni, kicheko chote kimegeuka machozi.

"Mzima," nikasema. "Mzima kabisa, mama."

"Alhamdulillahi." Akajifuta macho kwa upindo wa leso. "Basi sasa niachie madafu yangu, mwanangu, nayo yakue yawe nazi."