Mwizi wa Umeme wa Papa Édouard

Papa Édouard hakuwa mtu wa kelele mpaka aliponunua gari. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa ametunza mafaili ya kampuni moja ya Likasi, ndani ya chumba kisicho na dirisha, na kazini alikwenda kwa basi la wafanyakazi kama wenzake. Kisha likaja gari: Toyota ya kijivu, usukani kulia, iliyotoka Japani ikapitia Zambia na kuvuka mpaka Kasumbalesa. Tangu siku hiyo alitembea ameshika ufunguo mkononi, hata alipokwenda kununua mkate.

Kwa miguu alikwenda kununua huo mkate, maana gari halikuwa la kwenda mahali. Barabara zina mashimo, mafuta ni ghali, na vumbi la Likasi halina adabu. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi gari lilikaa uani, limefunikwa shuka ambayo mkewe, mama Georgette, alikuwa ameitafuta wiki nzima. Jumapili lilifunuliwa, likapanguswa, likapelekwa kanisani, mwendo wa mita mia saba. Mama Georgette alipendekeza mara moja kwamba watembee. Akaambiwa apande, tena afunge mlango polepole.

Jumapili ya tano Papa Édouard alivaa koti, akaketi, akazungusha ufunguo. Gari likasema "tk". Akazungusha tena. Likasema "tk" kwa sauti ya mgonjwa.

Mtu mwingine angeshuka. Lakini kufika kanisani kwa miguu kungemletea maswali, kwa hiyo akawaita majirani walisukume mpaka liwake. Gari lenyewe lilikuwa la otomatiki, na la aina hiyo haliwaki kwa kusukumwa, hata mkilisukuma mpaka Lubumbashi. Wasukumaji hawakulijua hilo. Mwenye gari aliambiwa na aliyemuuzia, lakini hakuona sababu ya kumwamini. Basi wanaume sita waliovalia nguo za Jumapili wakamsukuma Papa Édouard mita zote mia saba, naye ameketi wima ndani, akimpungia mkono kila anayemjua.

"Musukume na nguvu! Muko nachoka nini?" alipiga kelele.

"Papa, ushuke basi, motokari ikuwe mwepesi," alisema mmoja, jasho likimtiririka hadi kwenye tai.

"Nikishuka, nani atashika usukani?"

Baada ya misa wakamsukuma kumrudisha. Papa Édouard hakuona aibu. Alikuwa amekwenda na gari, na amerudi na gari.

Betri ikapelekwa mjini kuchajiwa. Jumapili iliyofuata ilikuwa imekufa tena. Akanunua mpya, na hiyo nayo, baada ya siku kumi za kukaa chini ya shuka, ikasema "tk". Muuzaji akaipima, akamwambia betri ni nzima, atazame gari. Papa Édouard hakutazama gari. Gari lilitoka Japani, haliwezi kuwa na kosa. Betri ni mpya, nayo haina kosa. Kwa hesabu yake ilibaki jamii moja tu ya kushukiwa: binadamu.

Na binadamu wa karibu zaidi alikuwa mzee Arsène, mstaafu wa reli, jirani wa ukuta mmoja. Umeme ulipokatwa na mtaa mzima kuwa giza, televisheni ya Arsène iliendelea kuongea. Sababu ilikuwa kibao kidogo cha sola kilichowekwa upande wa nyuma wa paa. Angeuliza, angeonyeshwa.

"Ule courant yake inatoka wapi?" alimwambia mkewe.

"Umuulize. Anaishi hapa tu."

"Atanijibu nini, ile mwizi?"

Hakuuliza. Alisubiri Jumapili, misa ilipokwisha na watu wamejaa uwanjani wakisalimiana, akapaza sauti: "Arsène! Ile televizyo yako, njo batri yangu inaiwasha! Unapitisha waya kwa ukuta!"

Watu wakageuka. Mzee Arsène alivua kofia, akaitazama kana kwamba jibu limeandikwa ndani yake.

"Minye?" alisema. "Minye mwenye nilikusukuma?"

Na ni kweli, alikuwa mmoja wa wale sita. Lakini neno la wizi likishatamkwa mbele ya kanisa haliokotwi upesi. Wiki hiyo watu wawili waliokuwa wakimwachia mzee Arsène simu zao azichaji walikuja kuzichukua. Mkewe alisalimiwa sokoni kwa ncha za vidole. Naye Papa Édouard, akijiona mtu aliyetetea haki, akamwita mama Sephora, shefu wa avenue yao, yaani kiongozi wa mtaa, aje Jumamosi mchana akate kesi.

Asichojua ni kwamba mama Georgette alikuwa ameita mtu wake pia. Walipokwisha kuketi uani, mama Sephora kwenye kiti kizuri na mzee Arsène kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaingia mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye bwelasuti ya bluu na kisanduku cha vifaa. Alikuwa Laure, fundi wa umeme wa magari, na betri ya Papa Édouard alikuwa nayo, ameichaji mwenyewe.

"Nani amekuita?" aliuliza Papa Édouard.

"Mwenye shuka," alisema Laure, akafungua boneti.

Aliifunga betri, lakini waya mmoja akauacha nje, na kati ya huo waya na betri akaweka kataa kadogo, yaani taa ndogo ya kupimia umeme. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenye gari, milango imefungwa, taa zote zimezimwa. Hata hivyo kataa kakawaka, tena kwa nguvu.

"Munaona?" alisema Laure. "Motokari imelala, lakini kuko kintu inakula courant. Sasa hivi, saa tisa ya muchana. Papa Arsène, uko wapi?"

"Niko hapa kwa ndoo," alijibu mzee Arsène.

Laure akachomoa fyuzi moja moja. Kataa hakakuzimika. Akaguna, akashika waya mwekundu mnene uliotoka moja kwa moja kwenye betri, akaufuata kwa vidole, ukapita chini ya zulia, ukaishia chini ya kiti cha dereva, kwenye kikuza sauti cheusi cha muziki. Akauchomoa. Kataa kakafa.

"Nani alifunga hii?"

Papa Édouard alipata kikohozi. Mkewe ndiye aliyejibu. "Kule Lubumbashi. Fundi alimwambia waya upitie kwa ufunguo. Yeye akakataa. Alitaka muziki ipige hata ufunguo ikiwa mu mfuko, bantu bamusikie."

"Hii mashini hailale, papa," alisema Laure. "Hata muziki ikinyamaza, inakula. Na motokari haitembei, batri itajaa na nini? Na ile safari ya kanisa?"

Mama Sephora alisimama, akajipangusa sketi. "Basi mwizi tumemukamata. Muda wote ulikuwa unamukalia."

Watu waliokuwa wamejipanga ukutani wakacheka mpaka mmoja akashika tumbo. Papa Édouard aliinua kidole. "Minye nilisema kuko kintu inaiba. Kwa ile sikukosea."

Mzee Arsène hakucheka. "Ulinitukana mbele ya kanisa," alisema. "Utaniomba pardon kule kule."

Jumapili iliyofuata Papa Édouard alisimama uwanjani, akaeleza kwa Kifaransa kirefu kwamba kulikuwa na tatizo dogo la kiufundi lililoleta kutoelewana baina ya pande mbili. Alikuwa anataka kuondoka.

"Utaje jina yangu," ilisema sauti kutoka nyuma.

Papa Édouard akapapasa mifuko. Kwa mara ya kwanza mikono yake haikuwa na ufunguo wa kuchezea. "Arsène," alisema hatimaye. "Arsène hakuiba. Minye njo nilisema bongo, ile uongo." Mzee Arsène akaitikia kidogo kwa kichwa, akaenda zake. Hakumsalimu kwa miezi miwili, na hakuna aliyemlaumu.

Laure alisema gari litembezwe safari ndefu, angalau mara mbili kwa wiki. Papa Édouard alikubali kwa mdomo, akaifua shuka. Lakini mama Georgette aliuza samaki sokoni, na miaka yote alikuwa akigombania nafasi kwenye mabasi ya kutoka ziwa Tshangalele. Akamlipa Laure amfundishe kuendesha. Siku hizi kila Jumanne na Ijumaa alfajiri Toyota ya kijivu huenda ziwani na kurudi na mabeseni matatu ya samaki, na betri haijazima hata siku moja.

Mumewe huenda naye akiwa likizo, kubeba mabeseni. Alilalamika mara moja tu kuhusu harufu. Mama Georgette alimwonyesha kitufe cha kufungua dirisha.