Niliandika Utani Nikafuta Kicheko

Wasomaji wenzangu, kijijini kwetu husemwa kwamba Mzee Shija aliuawa na wana wa Mhando. Ni kweli, rungu walilishika wao. Lakini sababu ya kulinyanyua niliwapa mimi, na hakuna aliyenishitaki. Majina nimeyabadilisha.

Mimi napenda kila kitu kiwe safi. Niliishia darasa la nne, mengine nimejifundisha kwa vitabu vya kuazima, kwa hiyo nikikosea neno moja sipati usingizi. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huku Handeni, Wazigua, Washambaa, wafugaji na wazee waliokuja zamani kukata mkonge Mazinde, nilijipa kazi ya kuandika historia ya watu wote hao. Nilipita nyumba kwa nyumba. Nilitaka viongozi waseme, kumbe tuna msomi hapa.

Mzee Shija alikuwa Mnyamwezi, manamba wa zamani, kibarua wa mkonge. Mzee Mhando ni Mzigua. Walikuwa watani, watu wa kutukanana bila kukasirikiana, kama makabila yao yalivyo tangu enzi za misafara. Niliwakuta pamoja wakimenya mihogo.

"Andika, kijana," Shija akaniambia. "Babu yangu alimchoma mkuki babu wa huyu, akamtwaa mke, na shamba akalifanya choo."

"Mwongo huyo," Mhando akadakia. "Babu yake alifika kwetu mpagazi, njaa imemkausha, tukampa makombo ya mbwa. Mpaka leo wanatudai kitoweo."

Walicheka hadi Shija akapaliwa, Mhando akawa anampiga mgongoni.

Nyumbani nikaanza kusafisha. Kicheko nikakitoa, nikidhani hakina nafasi kwenye historia. Jibu la Mhando nikalifuta kwa sababu lilipingana na la mwenzake, nami nilitaka ukweli mmoja. Ukabaki mkuki, mke na shamba. Neno utani sikuliandika popote.

Katibu wa kijiji akaniambia nisome mkutanoni. Siku hiyo Mhando alikuwa Dindira kwa binti yake, ila wanawe wawili walikuwepo. Shamba lao la zamani lilikuwa limegawiwa watu wengine, na kipande kimoja kilimwangukia Shija. Uchungu wao tuliujua sote. Mimi nilikuwa naangalia nukta na mikato yangu tu.

Nilipomaliza sentensi ile ya mkuki, Salimu, mkubwa wao, akasimama.

"Mzee, wewe ndiye umesema hivi?"

Shija akatabasamu. Alidhani kijana anamtania kwa niaba ya baba yake. "Nimesema. Na wewe ukileta ujeuri nakuchoma vilevile."

Mhando angekuwepo angemrudishia tusi, watu wakacheka, basi. Salimu alimrudishia rungu.

Pigo la kwanza lilimvunja taya. Alipoanguka, yule mdogo akamshindilia mateke ya mbavu, na nilisikia zikivunjika. Wengine wenye hasira zao za kuhamishwa wakakimbilia nyumba yake wakaitia moto. Mkewe aliburuzwa nje nywele zikifuka moshi.

Nami nilisimama na karatasi zangu. Ilitosha kusema, "Jamani, ulikuwa utani, nimeandika vibaya." Neno nilikuwa nalo. Nikamtazama katibu, nikaona aibu ajue kwamba nimekosea. Rungu likapanda tena, likashuka, likapanda. Nilipokuja kulitamka, Mzee Shija hakuwa anasikia tena.

Kwa mila, mtani huja mazikoni kumtania marehemu, pengine hata kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, ili wafiwa wapate kucheka kidogo. Mhando alirudi akakuta wanawe wameshachukuliwa na polisi. Akasimama kwenye kaburi, watu wakamngojea. Alifungua mdomo, akaufunga.

Baadaye alinivuta pembeni. Nilimpa shikamoo, hakuitikia.

"Kijana, siku ile na mimi nilisema. Yangu uliyapeleka wapi?"

Mjane wa Shija bado hunisalimia vizuri. Anadhani nilisoma kama nilivyoambiwa.

Wewe unayewaendea wazee kuuliza ya kale, andika pia aliyeketi nao, alivyojibu na walivyocheka. Na siku ukigundua umekosea, usingoje kutafuta maneno mazuri. Sema rungu likiwa bado juu.