Sukari Yangu kwa Jina Lake

Nilichoka kabla sijaugua, kwa hiyo ugonjwa ulipoingia sikuutambua. Nilikuwa fundi wa viyoyozi Riyadh, mtaa wa Olaya, kwa mkataba wa kampuni iliyotugawa kwenye majengo ya watu kama vyombo vya kuazima. Kazi yetu ilikuwa juu ya mapaa, na huko juu mtu akisema ana kiu hakuna anayemshangaa. Nilimaliza chupa sita za maji kabla ya adhuhuri na ulimi ukabaki mkavu. Nilikwenda msalani hadi msimamizi akaanza kunihesabia safari. Macho yakaingia ukungu. Nikasema ni jua. Kule sote tulisema ni jua, kwa kila kitu.

Aliyekataa kulilaumu jua ni mwenzangu wa kitanda cha juu, fundi wa lifti, Mkenya kama mimi, mdogo wangu kwa miaka kama mitano.

"Buda, hii kiu yako si ya kawaida," aliniambia. "Enda hosi, daktari akuone."

Ningekwenda na nini? Ikama yangu, yaani kibali cha ukaazi, ilikuwa imekwisha muda, na ikama ikifa hufa na bima ya afya. Kuihuisha si kazi ya mfanyakazi, ni ya mwajiri. Kampuni ilikuwa na mtu wa karatasi, na kila nilipomwuliza alitazama simu yake na kusema, "Bukra, inshallah." Bukra ni kesho. Nilikaa nchi ile miaka minne na hiyo kesho yake sikuwahi kuiona.

Basi tukafanya jambo ambalo kila aliyelala katika nyumba za wafanyakazi analijua na hamwambii mgeni. Mwenzangu alichomoa ikama yake kwenye pochi, akaniwekea juu ya mto.

"Tumia yangu," alisema. "Hawa watu watatutofautisha aje?"

Yeye ni mwembamba, mrefu, ana nywele tele. Mimi nina upara na mabega ya mbeba mizigo. Msichana wa mapokezi aliitazama picha, akanitazama mimi, kisha akaomba namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Nikampigia mwenzangu, naye kutoka ndani ya shimo la lifti akanisomea tarakimu nne. Nikapita. Nakiri niliudhika kidogo kuona ilivyokuwa rahisi.

Daktari alinitoboa kidole, akapima, akapima tena, kisha akamwandikia mwenzangu ugonjwa wa kisukari. Nilitoka na vidonge vyangu kwenye mfuko wenye jina lake. Mwezi uliofuata nikarudi, na uliofuata, hadi nikazoea kuitika jina hilo kabla halijaitwa mara ya pili. Kiu ikapungua, macho yakarudi, nikaona tumeshinda. Hatukuwa na wazo kwamba kuna mahali ugonjwa ule unaandikwa na kubaki.

Mwaka ulipokaribia kwisha, kampuni ikanihamishia Jeddah, kuhudumia majumba ya Al-Rawdah. Kliniki nikabadilisha, jina sikubadilisha. Yeye akabaki Riyadh akinisomea tarakimu kwa simu.

Kisha akapata Australia. Kampuni moja ya lifti huko ilitaka mafundi wa kandarasi, watu wa kujitegemea kabisa: mtu na kodi yake, vifaa vyake, bima yake ya afya. Alifurahi hadi akanitumia picha ya viatu vya kazi alivyonunua, wakati hata viza alikuwa hajaomba. Kwenye maswali ya wakala wa viza palikuwa na moja kuhusu magonjwa ya kudumu. Akajibu hana, na kweli hana. Wiki mbili baadaye wakala akaomba rekodi zake za matibabu za Saudia, na rekodi zikaja: kisukari, mwaka mzima, dawa kila mwezi. Wakala akamwuliza, kwa adabu zote, kwa nini amedanganya.

Nilikuwa nimeinama juu ya kiyoyozi cha jumba moja aliponipigia.

"Buda, hawa watu wanasema mimi ni mgonjwa."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Nilikaa chini palepale juu ya paa, na haya zikanipanda mwilini hadi masikio yakawasha. Mtu alinipa jina lake nipone, nami nimemwachia ugonjwa. Nikamwambia nitakwenda kliniki niseme ukweli.

"Useme nini?" aliuliza. "Ati nilikupa ikama yangu? Aliyeazima na aliyeazimisha ni kosa moja. Tutarudishwa nyumbani wote wawili, na hiyo Australia itakuwa ya kusikia tu kwa redio."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, lakini wahenga hawakuwahi kuugua na ikama iliyokwisha muda. Siku tatu sikula vizuri. Niliomba msamaha kwa sauti, nikaomba kwa maandishi. Siku ya nne akapiga.

"Nimeamua," alisema. "Nitakuwa na sukari. Nitaambia wakala niliogopa kusema. Sasa we nifunze."

Daktari wa vipimo vya viza aliyekuwa na nafasi ya karibu alikuwa Jeddah, kwa hiyo mwenzangu alikuja kwa basi Ijumaa, na mchana wote tulikaa chumbani kwangu nikimfundisha ugonjwa wangu. Nikamwambia kidonge kimoja ni baada ya chai ya asubuhi na kingine baada ya chakula cha jioni, kamwe si tumbo tupu. Kidole hutobolewa pembeni, katikati panauma. Kiu yake maji hayaikati. Nyayo huwaka kana kwamba umekanyaga saruji ya saa saba mchana. Alirudia kila neno kama mtoto wa katekisimu, na alipokosea nilimrudisha nyuma kwa ukali, kama kwamba ugonjwa huo ni ufundi niliousomea.

Halafu akauliza, "Na unaskia aje, ukijua ni ya maisha yote?"

Nikamwambia unachoka. Nikamwambia kazi ya mapaa ina Ijumaa ya kupumzika, ila hii haina, na kwamba mke wangu sijamweleza, na kwamba kuna asubuhi nakiangalia kile kidonge nakichukia kama mtu. Nililia. Yeye akainuka akaenda kutafuta chumvi ya chakula chetu, ambayo ilikuwa mbele yetu.

Jumapili alitoka kwa daktari ameshika mbavu kwa kicheko. Damu yake ilikuwa safi, sukari ya miezi mitatu iliyopita safi, figo safi. Daktari alikuwa amevua miwani akamwambia hajawahi kuona mgonjwa anayejitunza namna ile, na akamwuliza siri yake.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia naishi na mtu mkali."

Viza ilitoka baada ya wiki tano. Ndege yake ilipitia Jeddah, akaja kushinda nami siku ya mwisho. Nilimfurahia kwa moyo wote, na nilikuwa na hofu kwa moyo uleule, kwa sababu akishaondoka ikama yake inafutwa, na mimi nilikuwa nimebakiwa na vidonge vya siku kumi na tisa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeulizia ofisini. Ikama yangu bado.

Kilichobaki kwake kilikuwa fomu ya bima ya afya ya huko anakokwenda, ambayo mkandarasi hujikatia mwenyewe. Aliijaza kwenye simu, amelala chali kitandani kwangu na viatu vyake vipya miguuni. Alifika sehemu moja, akajaza, kisha akanipa simu nisome. Waliuliza kama kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo. Alikuwa amejaza: kaka mkubwa. Yu hai. Mimi najua fika kwamba yeye ni kifungua mimba kwa mama yake.

Nikamrudishia simu.

"Kuna swali nyingine hapo chini," alisema. "Wanauliza kama huyo kaka anapata dawa. Hiyo sijajaza." Akaketi, akanitazama usoni. "Ikama yako imetoka?"

Teksi yake ilikuwa imekwisha kufika na begi limepakiwa. Nilijua nikisema bado, atashusha begi.

"Imetoka," nikamwambia.

Akabonyeza ndiyo.